Meka ya Mfuto, Meka ya Kilele

ILUNGA: Wapenzi wasikilizaji, leo tulikuwa tumejipanga vizuri. Tunazungumzia vipimo, tarakimu muhimu, yaani zile tarakimu zinazobeba habari ya kipimo, na ubadilishaji wa vizio kama kilo na lita, kwa ajili ya wanaoanza kemia, na Yaya Ngoie, mkubwa wangu anayefanya kazi katika maabara ya shaba, ameandika masomo matatu kwenye karatasi yake. Nimeahidi kuyafuata yote. Hata hivyo, kabla ya somo la kwanza ni lazima nieleze yaliyonipata shuleni wiki hii, kwa kuwa Yaya amekwisha kuyasikia kwa simu na hatanipa raha nisipoyasema.

NGOIE: Sema tu, Mwalimu. Mimi nitasubiri umalize, ndipo nikushtaki.

ILUNGA: Wanafunzi wangu wa darasa la kwanza la humanite, yaani sekondari ya juu, walikuwa wakipima densiti ya shaba, yaani gramu ngapi kwa kila mililita. Niliwapa vipande vya waya wa umeme uliochunwa mpira wake. Msichana mmoja aliweka vipande vyake kwenye mizani, akapata gramu 26.8. Akatia maji katika silinda ya kupimia hadi mililita 20.0, akatumbukiza waya polepole ili maji yasiruke, na maji yakapanda hadi 23.0. Alisoma kama nilivyofundisha: aliinama mpaka jicho likawa usawa mmoja na maji, akasoma chini kabisa ya mbonyeo, wala si pembeni ambako maji hupanda kwenye kioo. Silinda ile ina mstari kwa kila mililita moja, kwa hiyo ile sehemu ya kumi aliikadiria kwa jicho, na hiyo ni haki yake. Kisha akagawanya 26.8 kwa 3.0. Kikokotoo kikatoa 8.933333333, naye akaziandika zote. Nikamkata alama moja, nikaandika pembeni kwa wino mwekundu: 8.9.

NGOIE: Na mama mzazi akafika.

ILUNGA: Alifika, tena akitokea moja kwa moja soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, ambako anauza mahindi. Alikuja kwa heshima zote. Akaniambia, "Mwalimu, nimetafuta kwenye simu. Densiti ya shaba ni 8.96. Mtoto wangu amesema 8.93, wewe umesema 8.9. Kati yenu wawili, aliye karibu na ukweli ni nani?"

NGOIE: Swali hilo lingewatoa jasho wengi katika maabara yetu.

ILUNGA: Kwa hesabu tupu, mtoto yuko karibu zaidi, na sikumficha mama. Lakini nilimwomba akae, nikamwonyesha kitu. Laiti binti angesoma 23.1 badala ya 23.0, yaani sehemu moja tu ya kumi juu, ujazo ungekuwa 3.1 na kikokotoo kingetoa 8.64516129. Angesoma 22.9, kingetoa 9.24137931. Kupepesa jicho kidogo kunaitikisa tarakimu ya kwanza baada ya nukta. Sasa msururu ule wa 3 unaofuata una habari gani? Hauna. Umetoka ndani ya kikokotoo, haukutoka ndani ya silinda. Kuwa karibu na 8.96 safari hii ni bahati.

NGOIE: Mama alikubali?

ILUNGA: Alinijibu kwa meka, kile chombo cha kupimia nafaka sokoni: "Mimi nikimpimia mteja meka ya mahindi na kumwongezea juu, hajapata hata mmoja kurudi kunilaumu kwamba nimezidisha."

NGOIE: Nampenda mama huyu kuliko ninavyokupenda wewe.

ILUNGA: Yaya, nyongeza ya mahindi ni mahindi. Utayapika, utayala. Nyongeza ya tarakimu ni upepo.

NGOIE: Sawa, sasa zamu yangu. Hukumu yako ya kwanza naiunga mkono: zile 3 zote ni upepo. Shida yangu ni hiyo 8.9 yako. Mtu anayeandika 8.9 bila maelezo anadai kwamba jibu lipo kati ya 8.85 na 8.95. Haya, twende kwenye silinda. Tuseme kila usomaji una shaka ya 0.1 juu au chini. Umesoma mara mbili, kwa hiyo katika hali mbaya kabisa ujazo unaweza kuwa 2.8 au 3.2. Gawanya: unapata kati ya 9.6 na 8.4. Kwa hiyo shaka ya kweli ni 0.6 kila upande, nawe umeandika jibu kana kwamba shaka ni 0.05. Mtoto umemkata alama kwa majigambo makubwa, kisha wewe mwenyewe ukajipa alama zote kwa majigambo madogo.

ILUNGA: Kanuni inasema tarakimu ya mwisho ndiyo yenye shaka. Ile 9 ndiyo yenye shaka. Sijamdanganya mtu.

NGOIE: Shaka ya kiasi gani? Ya moja? Ya sita? Kanuni yako haisemi, na hapo ndipo ninapogombana nayo. Kule kazini tunapotoa asilimia ya shaba katika mzigo, hatuhesabu tarakimu kwa vidole. Tunabeba tarakimu za ziada katika kila hatua, tunakadiria mwishoni mara moja tu, na pembeni ya jibu tunaandika jumlisha au toa kiasi fulani. Muuzaji ana maabara yake, mnunuzi ana yake, na mkataba unasema wazi tofauti gani inavumilika. Ikizidi hapo, sampuli iliyofungwa kwa lakiri inakwenda kwa maabara ya tatu. Hakuna anayeuliza, "Je, umehesabu sifuri za mbele?"

ILUNGA: Hao ni mafundi wenye mishahara. Mimi nina watoto ambao bado wanaamini kwamba sifuri tatu za 0.0052 ni tarakimu muhimu, na kwamba 4.50 na 4.5 ni kitu kimoja. Nikiwapa jumlisha-au-toa kabla hawajaelewa kwamba ile sifuri ya 4.50 ni ushahidi kwamba mtu aliangalia na kukuta sifuri, nitakuwa nimewatwisha mzigo bila kata.

NGOIE: Naamini mtoto wa miaka 15 anaweza kuelewa "kati ya 8.4 na 9.6". Hata mama wa sokoni anaelewa. Tena yeye anaelewa zaidi, kwa sababu meka ya mfuto, iliyosawazishwa kwa ubao, na meka ya kilele, iliyojazwa mpaka kumwagika, ni mkate wake wa kila siku.

ILUNGA: Meka tena.

NGOIE: Meka tena, kwa sababu nimekuja nayo. Wasikilizaji hawaioni, lakini ipo hapa mezani. Hii ni ya jirani yangu, na sidai kwamba za mjini zote zinafanana nayo. Nimeijaza mahindi makavu, nikapitisha ubao juu: kilo 2.3. Nikaijaza tena bila ubao, mpaka punje zikaanza kumwagika: kilo 2.8. Sasa nijibu wewe mtu wa kanuni. Nikikuuzia meka 3, hiyo 3 ina tarakimu muhimu ngapi?

ILUNGA: Hazina kikomo. Umehesabu, hukupima. Kitu kilichohesabiwa kimoja kimoja ni kamili, sawasawa na inchi moja kuwa sentimita 2.54 kamili, au ratili moja kuwa kilo 0.45359237 kamili tangu makubaliano ya mwaka 1959. Hata idadi ya chembe katika moli moja, kile kizio cha wanakemia cha kuhesabia chembe, ni kamili tangu tarehe 20 Mei 2019. Nambari za namna hiyo hazipunguzi tarakimu za jibu. Kinachopunguza ni ile 2.3, kwa hiyo meka 3 ni kilo 6.9.

NGOIE: Ya mfuto. Na ya kilele ni 8.4. Mteja mmoja, neno moja, "meka tatu", tofauti kilo moja na nusu. Unaniambia 3 ni kamili hali kizio chenyewe kinapumua?

ILUNGA: Hesabu ni kamili, kizio ndicho kibovu. Usiilaumu 3.

NGOIE: Mimi nasema huwezi kuzitenganisha. Anayehesabu meka anapima bila kujua kwamba anapima.

ILUNGA: Na mimi nasema ni lazima kuzitenganisha, la sivyo hakuna hesabu ya vizio itakayosimama. Hebu tufanye mfano ulio kwenye karatasi yako. Gunia la kilo 25 linatoa meka ngapi? Unaandika kilo 25, unazidisha kwa sehemu yenye meka 1 juu na kilo 2.3 chini, kilo inakatana na kilo, unabaki na meka. Jibu ni 10.87, yaani meka 11 kwa tarakimu mbili.

NGOIE: Ya mfuto. Fanya ya kilele.

ILUNGA: Ishirini na tano kwa 2.8 ni... subiri... 8.93.

NGOIE: Shaba!

ILUNGA: Yaya, tafadhali.

NGOIE: Mtoto hakukosea hata kidogo! Alikuwa anapima gunia la mahindi kwa meka ya kilele! Mwalimu, mrudishie binti alama yake.

ILUNGA: Hapana. Na jibu ni meka 8.9.

NGOIE: Ya mfuto au ya kilele?

ILUNGA: Tutamaliza muda namna hii. Nataka kusema jambo moja la maana kuhusu meka, kwa kuwa imekwisha kutawala kipindi. Meka inapima ujazo, haipimi uzito. Ukiijaza unga badala ya punje, kilo zinabadilika ingawa meka haikubadilika. Kwa hiyo huvuki kutoka lita kwenda kilo mpaka uwe na densiti ya kitu chenyewe, tena densiti yenye vizio vinavyokatana ipasavyo. Mwaka 1983 ndege ya Air Canada, Boeing 767, iliishiwa mafuta angani kwa sababu hii hii. Ilihitaji kilo 22,300. Vipimo vya tangi vikaonyesha lita 7,682. Wakazidisha kwa 1.77 wakidhani wanapata kilo, kumbe 1.77 ilikuwa ratili kwa kila lita. Kwa kilo ilipaswa kuwa 0.803 hivi. Wakaamini kwamba tayari wana kilo zaidi ya 13,000, ilhali walikuwa na kama 6,200. Wakaongeza chini ya lita 5,000 mahali palipohitaji lita kama 20,000.

NGOIE: Na rubani akaishusha bila injini, kwenye uwanja wa zamani wa kijeshi pale Gimli. Hakuna aliyekufa. Lakini ona, Mwalimu: nambari zao zilikuwa na tarakimu muhimu sahihi kabisa. Saba, sita, nane, mbili. Kanuni yako isingewakata hata alama moja.

ILUNGA: Kwa sababu kosa lao lilikuwa la vizio, si la tarakimu! Hilo ni somo lako la pili. Wangeandika "ratili kwa lita" karibu na 1.77, wangeona kwamba ratili imebaki juu na kilo haipo popote.

NGOIE: Kwa hiyo mtoto asiyeandika kizio anapoteza alama ngapi kwako?

ILUNGA: Nusu.

NGOIE: Nusu! Na mwenye tarakimu za ziada anapoteza moja nzima. Kosa linaloangusha ndege ni nusu, kosa la upepo ni moja. Hapo sitakubaliana nawe, Mwalimu, hata tukirekodi mpaka alfajiri.

ILUNGA: Kizio husahaulika kwa haraka ya mkono, tarakimu za ziada ni tabia ya akili, na tabia huadhibiwa mapema. Sibadilishi.

NGOIE: Nami sibadilishi.

ILUNGA: Tumebakiwa na muda mdogo. Karatasi yako ina nini tena?

NGOIE: Kujumlisha na kutoa, kwamba tunafuata nafasi za desimali wala si idadi ya tarakimu. Hilo tumelipitia juu juu kwenye silinda: 23.0 kutoa 20.0 ni 3.0, nambari mbili zenye tarakimu tatu zinazaa yenye mbili. Halafu mita za ujazo, kwamba mita 1 ya ujazo ni sentimita za ujazo milioni moja, si mia moja. Halafu somo la tatu lote, kuandika nambari kwa vipeo vya kumi.

ILUNGA: Somo la tatu tuliache. Wape zoezi moja wakalifanye nyumbani.

NGOIE: Lori la shaba lenye tani 30 linaelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Badilisha kuwa kilo, na useme jibu lina tarakimu muhimu ngapi.

ILUNGA: Kilo 30,000, tarakimu moja. Sifuri za mwisho bila nukta hazihesabiki mpaka mwandishi aseme.

NGOIE: Nne. Lori limepita kwenye mizani ya magari inayosoma kwa hatua za kilo 20.

ILUNGA: Zoezi halikutaja mizani!

NGOIE: Lori gani la shaba linaondoka Lubumbashi bila kupimwa?

ILUNGA: Basi ungeandika 3.000 mara kumi kwa kipeo cha 4, na hapo mtu angejua.

NGOIE: Hilo ndilo somo la tatu ulilosema tuliache.

ILUNGA: Muda umekwisha, wasikilizaji. Tutumieni majibu yenu, na mtaje mizani mliyotumia.

NGOIE: Na kama ni meka, mseme ni ya mfuto au ya kilele.