Dikembe Mutombo na kazi ya senta chini ya pete

Makocha na wachezaji, karibuni. Hapa Dar, tukisema senta, yule mrefu anayecheza karibu na pete, jina la kwanza ni Hasheem Thabeet, kijana wetu aliyechaguliwa wa pili NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, mwaka 2009, na tuna haki ya kujivunia. Lakini kwa somo la ulinzi leo nimemchagua Dikembe Mutombo, senta wa Kongo. Alifunga wastani wa pointi 9.8 tu kwa mechi, na bado alidumu NBA misimu 18, hadi umri wa miaka 42. Aliacha bloku 3,289, yaani mitupo aliyoizuia kwa mkono. Aliye juu yake ni Hakeem Olajuwon peke yake. Tuzo ya mlinzi bora wa mwaka aliichukua mara nne.

Alikuwa na mita 2.18, na pete iko mita 3.05. Urefu ulimsaidia, sikatai. Ila tazameni mechi zake na mwangalie miguu. Mshambuliaji akimpita mlinzi wa pembeni, senta haruki kwanza. Anasogea hatua mbili fupi, anakaa kati ya mpira na pete, mikono ishapanda. Anaruka baada ya mpira kuanza kuachia mkono wa mtupaji. Anayeruka mapema hudanganywa na mtupo wa uongo, anapaa bure, kisha anamwangukia mtupaji mabegani. Hiyo ni faulo, na kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu duniani, faulo ya tano inakutoa.

Kosa jingine ninaloliona sana kwa vijana wetu ni kushusha mkono kama mtu anayepiga spaiki ya voliboli. Mkono ukishuka, unakuta kifundo cha mkono wa mtupaji kabla ya mpira. Ruka wima, mkono ubaki umenyooka, mpira ndio uje kwako. Na mpira wa mtupo ukishaanza kushuka kuelekea pete, usiuguse: kikapu kinahesabiwa.

NBA ilileta sheria ya sekunde tatu za ulinzi msimu wa 2001-02: mlinzi asiyemlinda mtu kwa karibu asizidishe sekunde tatu ndani ya eneo la rangi, lile lililo mbele ya pete. FIBA haina sheria hiyo. Kwa hiyo senta anayecheza ligi za hapa, akilinda, anaweza kukaa ndani ya eneo la rangi muda wote, na inanisikitisha kumwona akimkimbilia mtu asiyejua kutupa kutoka mbali, huku njia ya kikapu ikibaki wazi.

Kwenye mchujo wa NBA wa 1994 Denver, timu ya Mutombo wakati huo, iliyoingia ikiwa ya nane, iliitoa Seattle, iliyokuwa ya kwanza, mechi 3 kwa 2 baada ya kufungwa mbili za mwanzo. Mutombo alipata bloku 31 katika mechi hizo tano. Hizo zimeandikwa. Mtupo ambao mtu ameghairi baada ya kumwona hauandikwi popote, na kwangu huo ndio wenye thamani zaidi.

Ulinzi huu una mpaka wake. Fainali za 2001, Mutombo akiwa Philadelphia, alikutana na Shaquille O'Neal, senta mzito wa Lakers, na Lakers wakashinda mechi 4 kwa 1. Mtu mzito akishapokea mpira karibu na pete, bloku imechelewa. Mpiganie nafasi kabla ya pasi: nyonga chini, mkono mmoja kwenye njia ya pasi, umzibe kwa kifua hatua moja nje ya pale anapotaka kusimama, bila kumsukuma wala kumshika.

Na ukishazuia, usiupige mpira nje ya uwanja. Unarudi kwao. Ugonge taratibu kwa mwenzako, kisha geuka umzibe mtu wako njia ya ribaundi, ule mpira unaodunda kutoka kwenye pete.