Mvuke unapotezea wapi joto lake? Namjibu mdogo wangu wa UDOM

Mbukwenyi watu wangu wa Dodoma! Wazee shikamooni. Leo nimesimama kando ya barabara nje ya Bakersfield, California. Mabomba haya yanayong'aa nyuma yangu yamebeba mvuke. Hapa ni Kern River, eneo la visima vya mafuta. Mafuta yaligunduliwa mwaka 1899, lakini ni mazito mno, hayatembei kirahisi. Tangu miaka ya 1960 wanayashushia mvuke ardhini yalainike.

Mdogo wangu anasoma pale UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Juzi kanitumia sauti WhatsApp: "Kaka, mvuke ukishapikwa si unashuka tu kisimani? Ugumu uko wapi?" Swali zuri sana, nimeona nilijibu mbele yenu wote.

Ugumu uko njiani, mdogo wangu. Unakumbuka mama akifunua sufuria ya maji ya ugali, ule mvuke unavyounguza mkono? Kilo moja ya maji, kuitoa nyuzi 20 hadi 100, inataka kilojuli (kipimo cha nishati) kama 335. Kuigeuza yote iwe mvuke inataka nyingine 2,260 hivi! Huo mzigo wa joto la kugeuza maji mvuke unautua wote pale unapogusa kitu cha baridi na kurudi kuwa maji. Presha ikipanda mzigo unapungua, ila hata kwenye nyuzi 250 bado ni kama kilojuli 1,700 kwa kilo.

Sasa mvuke ukigusa bomba lililopoa kabla haujayafikia mafuta, mzigo unautua hukohuko. Mawe yanapata joto, mafuta yanapata maji ya moto tu. Na gesi ya kuchemshia imeshaungua, hairudi. Mimi hili linaniuma kweli, nikikumbuka kwetu tunavyohesabu kila kipande cha mkaa.

Ndiyo maana mabomba ya juu wanayavika kizuia joto, halafu koti la aluminiamu. Ndani ya kisima wapo wanaotumia bomba ndani ya bomba, katikati hewa imenyonywa. Ni chupa ya chai ileile ya nyumbani, ila hii ina urefu wa mamia ya mita. Na ile nafasi kati ya bomba la mvuke na ukuta wa kisima, maji yasikae humo. Yatachemka na kuiba joto. Bora pakae gesi kavu.

Siku za mwanzo upotevu ni mkubwa, kwa sababu mawe yanayozunguka kisima ni ya baridi. Yakishapata moto, wizi unapungua. Kwa hiyo ukisimamisha kazi mawe yakapoa, unaanza kuyalipa upya. Ukisukuma mvuke polepole, nao unakaa njiani muda mrefu na kufika umechoka.

Hata ukifika salama, kuna mwamba wa juu na wa chini ya tabaka la mafuta. Tabaka likiwa jembamba, joto linakimbilia huko haraka. Chai ukiimimina kwenye kisahani inapoa upesi kuliko ya kikombeni, si ndiyo?

Nawaambia nyie kwa sababu jambo hili limefika nyumbani. Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, hadi Tanga, kilomita 1,443, linakatiza mkoa wetu wa Dodoma. Mafuta yale yana nta, yakipoa yanaganda, kwa hiyo yanahitaji kusafirishwa kwenye nyuzi 50 hivi. Bomba limevikwa povu la kuzuia joto, na kuna nyaya za umeme za kulipasha. Povu lenyewe wamelivika kiwandani Sojo, Nzega. Nataka vijana wetu ndio waje kuzisimamia kazi hizi.

Mdogo wangu, fanya hivi leo jioni. Chukua chai iliyochemka, jaza chupa ya chai, nyingine tia kwenye jagi la bati. Azima kipimajoto maabara, pima kila baada ya dakika kumi kwa saa moja. Nitumie namba zote, video ijayo tunachora grafu pamoja.