Lord Dufferin: Baharia wa Clandeboye

Wazee wangu, shikamooni. Wengine wote, habari za jioni.

Naanza na jogoo. Mwaka 1856 Lord Dufferin, bwana shamba kijana kutoka Clandeboye, kaskazini mwa Ayalandi, alitweka tanga kwenye skuna yake Foam, chombo cha tani 80 hivi, akashika njia ya Aislandi. Chomboni mlikuwa na jogoo. Kadiri walivyopanda kaskazini usiku ulizidi kufupika, mwisho jua likaacha kutua. Jogoo wetu wa huku ikweta hana wasiwasi, alfajiri yake haihami. Yule maskini alichanganyikiwa, hajui awike saa ngapi. Akapoteza akili, akaruka baharini, akafa maji. Dufferin alikisimulia kisa hicho katika barua zilizotoka kitabu mwaka 1857.

Huko Reykjavik alialikwa karamuni kwa gavana. Alipotakiwa kusema neno, alijibu kwa Kilatini, kisha akaanza kwa kuomba radhi kwamba hajazoea kuhutubia watu! Hapo mnaona mwanasiasa anachipua.

Kutoka Aislandi meli ya moshi ya Prince Napoleon, binamu wa mfalme wa Wafaransa, iliifungasa Foam kuelekea kisiwa cha Jan Mayen. Barafu iliposhika, meli kubwa ikageuza. Dufferin akafungua kamba, akaendelea kwa tanga lake. Siku kadhaa hakuona kitu ila ukungu. Ghafla ukungu ukapasuka, na juu kabisa, mahali ambapo mtu hutafuta mawingu, kikatokeza kilele cha theluji cha mlima Beerenberg. Aliteremka pwani, kisha akaendelea hadi kisiwa cha Spitsbergen, kaskazini zaidi. Tani 80, jamani, katikati ya mabonge ya barafu.

Baharini sina neno naye. Nchi kavu ninalo. Mwaka 1847, akiwa mwanafunzi Oxford, alikwenda Skibbereen, kusini mwa Ayalandi, kuiona njaa kuu kwa macho yake, akaandika kijitabu kilichouzwa kuwachangia wenye njaa. Lakini miaka 20 baadaye mtu yuyo huyo aliandika kuwatetea wenye mashamba, wapangaji walipodai haki juu ya ardhi waliyoilima. Mwenyewe alizama katika madeni, akauza sehemu kubwa ya mashamba yake.

Vyeo vyake katika utumishi wa Uingereza navipitia mbio: Gavana Mkuu wa Kanada kuanzia 1872, balozi Urusi na Uturuki, Makamu wa Mfalme India kuanzia 1884. Akiwa India ndipo Burma ya Juu ilipotwaliwa kwa vita, na alipopandishwa cheo alijiongezea jina la Ava, mji wa wafalme wa huko. Waburma hawakuulizwa.

Ninachokipenda zaidi ni mashua yake ya uzeeni, Lady Hermione. Aliipanga ili aiendeshe peke yake: henza ya kupandishia tanga, demani ya kulivuta na kulilegeza, kamba zote zilimfikia pale alipoketi, karibu na usukani. Wanaokwenda ngalawa wanajua raha ya kutomngoja mtu akulegezee tanga.

Basi mtu huyo huyo, akiwa amestaafu, alikubali uenyekiti wa kampuni ya fedha za migodi, London and Globe, ambayo kamba zake zote alizishika mwingine, Whitaker Wright. Jina la Dufferin ndilo lililowavuta watu kununua hisa. Mwaka 1900 ulikuwa mwaka mbaya. Januari mwanawe mkubwa alikufa kwa jeraha la vita huko Ladysmith, Afrika Kusini. Desemba ikaja habari kwamba mwana mwingine amejeruhiwa huko huko Afrika Kusini. Dufferin alikuwa ameshaomba kujiuzulu ili amfuate. Kampuni ilipoyumba aliondoa ombi lake, akabaki. Ikaanguka mwezi huo huo, na fedha zake nyingi zikaenda nayo.

Januari 1901, mzee wa miaka 74, alisimama mbele ya wenye hisa na kuwajibu. Alifariki Clandeboye tarehe 12 Februari 1902.