FED, Zorki au Kiev: kuchagua kamera ya Kisovieti ya kutumia kila siku

ELIA: Wasikilizaji wetu, karibuni. Leo tunazungumzia kamera za filamu zilizotengenezwa Umoja wa Kisovieti, hasa zile zenye kipima umbali, ambazo mpigapicha hatazami kupitia lenzi bali kupitia dirisha dogo lililo juu yake, na ndani ya dirisha hilo picha mbili za kitu kimoja huletwa pamoja mpaka zikalaliana. Hatusemi na wakusanyaji wa vitu vya kale. Tunasema na mtu anayetaka kamera ya kwenda nayo kazini, sokoni na nyumbani. Dada Zuhura, mtu huyo atakutana na majina gani?

ZUHURA: Asante, kaka Elia. Atakutana na majina matatu: FED, Zorki na Kiev. FED ilizaliwa Kharkiv, nchini Ukraine, katika makao ya watoto waliokosa wazazi yaliyofunguliwa mwaka 1927 chini ya mwalimu Anton Makarenko. Makao hayo yalipewa jina la Felix Edmundovich Dzerzhinsky, mkuu wa kwanza wa polisi wa siri wa Kisovieti, na herufi za mwanzo za majina yake ndizo zilizoandikwa juu ya kamera. Vijana wale waliiga Leica II, iliyotoka Ujerumani mwaka 1932, na ilipofika mwaka 1934 walikuwa wakiitengeneza kwa wingi. Baada ya vita, kiwanda cha KMZ cha Krasnogorsk, karibu na Moscow, kilianza mwaka 1948 kutengeneza kamera hiyohiyo, ambayo ikaja kuitwa Zorki. Kwa hiyo FED na Zorki ni ndugu wa tumbo moja, na lenzi za skrubu za milimita 39 za huyu humfaa yule, isipokuwa FED za kabla ya vita, ambazo vipimo vyake havikuwa vimesawazishwa.

ELIA: Na Kiev?

ZUHURA: Kiev ni ya ukoo mwingine kabisa. Wasovieti walichukua mitambo na vipuri vya Contax, kamera ya kampuni ya Zeiss Ikon ya Dresden, kama sehemu ya fidia ya vita, na kiwanda cha Arsenal cha Kyiv kikaanza kutoa Kiev mwaka 1947. Kamera hiyo iliendelea kutengenezwa mpaka miaka ya 1980, na umbo lake halikubadilika sana tangu Contax II ya mwaka 1936.

ELIA: Basi niseme wazi tangu mapema kwamba mimi ni mtu wa Kiev. Nafasi kati ya madirisha mawili ya kipima umbali chake ni takriban milimita 90, na kadiri nafasi hiyo inavyokuwa pana ndivyo kipimo kinavyokuwa sahihi zaidi. Zorki-4 ina milimita 38 tu. Tena shata ya Kiev, yaani pazia linalofunguka kwa muda mfupi kuruhusu mwanga uifikie filamu, ni ya vipande vyembamba vya shaba vinavyoshuka kama pazia la duka, wakati FED na Zorki zina kitambaa kilichopakwa mpira. Kwenye jua letu jambo hilo lina uzito, kwa sababu ukiiacha kamera ya shata ya kitambaa imeelekea juani bila kifuniko cha lenzi, lenzi hukusanya miale na kuunguza tundu kwenye kitambaa, na kuanzia hapo kila picha itakuwa na doa jeupe.

ZUHURA: Ni kweli, na sitabishana nawe juu ya jua. Lakini tundu dogo la kitambaa fundi huliziba kwa rangi nyeusi ya mpira, au ukanunua pazia jipya, kwani mpangilio wa shata ile unajulikana na mafundi wengi. Vipande vyako vya shaba vinaning'inia kwenye tepe za hariri. Tepe hizo huchakaa, hukatika, na kuzibadilisha ni kazi ya siku nzima kwa mtu anayejua anachokifanya. Isitoshe, Kiev hukulazimisha kuishika kwa namna yake: kidole cha kati kikilala mahali panapoonekana pa kawaida, kinaziba dirisha la kipima umbali, na mgeni hudhani kifaa kimeharibika. Kamera nzuri ya kupendwa na kamera nzuri ya kila siku si lazima ziwe moja.

ELIA: Basi ya kila siku ni ipi?

ZUHURA: FED-2, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1955 na 1970. Kipima umbali chake kina nafasi ya milimita 67, ambayo ni pana kuliko ya Zorki-4 na hata kuliko ya FED-3 iliyoifuata. Dirisha la kutazamia na la kupimia ni moja, hivyo huhamishi jicho. Mgongo wake wote hutoka, kwa hiyo unaweka filamu bila kuikata ncha kama inavyolazimu kwenye FED na Zorki za mwanzo, ambazo hufunguliwa chini tu. Chini ya kitufe cha kurudishia filamu kuna kijiti cha kurekebisha dirisha lifuate uwezo wa jicho lako, na hilo ni faraja kwa anayevaa miwani, ingawa nawaonya kwamba ukingo wa chuma wa dirisha hukwaruza miwani msipoubandika kipande cha mpira.

ELIA: Dada, wengi watakuuliza mbona unaiacha Zorki-4. Dirisha lake ni kubwa na angavu zaidi, na kasi za shata yake zinaanzia sekunde 1 mpaka 1/1000, wakati FED-2 inaishia 1/500 na haishuki chini ya 1/25, au 1/30 katika matoleo ya baadaye.

ZUHURA: Hizo kasi za polepole ndizo sababu yangu ya kuiacha. Kwenye Zorki-4, sawa na FED-3, ni lazima ukoki shata kwanza, yaani uivute iwe tayari kupiga, ndipo uguse kitufe cha kasi. Ukikizungusha kabla ya kukoki unaweza kuharibu meno ya ndani. Wewe mwenye kamera utaikumbuka kanuni hiyo. Je, shemeji atakayeiomba apige picha mbili harusini ataikumbuka? Kamera ya kila siku hushikwa na watu wengi. Hata FED-2 unapaswa kuikoki kwanza, kwa sababu kitufe huzunguka shata inapofanya kazi na alama zake husomeka sawasawa tu baada ya kukoki, lakini haina mtambo wa kasi za polepole wa kuvunjika. Kila kitu cha ziada ndani ya kamera ya umri huu ni kitu kingine cha kufa.

ELIA: Hapo nakubaliana nawe, na ndiyo maana hata mimi nachagua Kiev-4A isiyo na kipima mwanga badala ya Kiev-4 yenye nacho. Vipima mwanga vile ni vya seleni, havitumii betri, na vingi sasa ama vimekufa ama vinasema uongo, jambo ambalo ni baya zaidi. FED-4 ina tatizo hilohilo.

ZUHURA: Wala kipima mwanga hutakihitaji sana. Mchana wa jua kali weka tundu la lenzi kwenye f/16 na kasi inayokaribiana na namba ya filamu: kwa Kodak Gold 200 ni 1/250, kwa Ilford HP5 Plus yenye ISO 400 ni 1/500. Kukiwa na mawingu mepesi fungua mpaka f/11. Programu ya simu ya kupima mwanga itakusaidia vivulini na ndani ya nyumba.

ELIA: Sasa tuzungumzie kununua, maana hapo ndipo watu wanapoumia. Binafsi naona hali ya kamera unayoishika mkononi ni muhimu kuliko jina lililoandikwa juu yake.

ZUHURA: Kabisa, Zorki-4 nzima ni bora kuliko FED-2 mbovu, hata baada ya yote niliyoyasema. Kwanza fungua mgongo, uelekeze kamera kwenye taa bila lenzi na shata ikiwa imefungwa, ukague kitambaa kama kina vitundu vya mwanga. Koki, kisha ukague tena, kwa sababu ni pazia jingine linaloonekana sasa. Kitambaa kiwe laini. Kikiwa kimekakamaa na kukunjamana hakitakwenda kwa mwendo sawa. Halafu piga kasi zote huku ukitazama taa kupitia uwazi wa filamu. Kwenye 1/500 unapaswa kuona mwanga upande wa kushoto na wa kulia kwa usawa. Upande mmoja ukiwa na giza, pazia la pili linalipata la kwanza njiani, na kila picha itatoka na ukanda mweusi.

ELIA: Kipima umbali je?

ZUHURA: Tafuta kitu kilicho mbali sana, mnara wa simu kwa mfano, uzungushe lenzi mpaka mwisho kwenye alama ya umbali usio na kikomo. Picha mbili zinapaswa kulaliana. Zikiachana kwa upande, au moja ikiwa juu ya nyingine, hiyo ni kazi ya bisibisi ndogo, nayo isikufanye ukatae kamera nzuri, bali ikupe nafasi ya kupunguza bei. Angalia pia kama kigurudumu cha ndani kinachopokea filamu kipo. Kwenye FED-2 na Kiev hutoka, kwa hiyo hupotea.

ELIA: Na anayenunua kwa mbali?

ZUHURA: Aombe video ya muuzaji akipiga kasi zote, na picha za lenzi ikimulikwa kwa tochi kutoka nyuma, ili aone kama kuna kuvu. Wanaoishi pwani, kama Tanga, Mombasa au Unguja, kuvu waiogope hata baada ya kununua. Kamera isikae miezi ndani ya mfuko wa ngozi uliofungwa. Ukiona pete ya lenzi inazunguka kwa shida, kwa kawaida ni grisi ya zamani iliyoganda, na fundi huisafisha.

ELIA: Niongeze onyo moja. Mkiona Leica ya rangi ya dhahabu yenye nembo za jeshi la Kinazi na bei inayovutia, ni karibu hakika kwamba ni FED au Zorki iliyovalishwa. Toa lenzi utazame ndani ya kamera: mkono wa kipima umbali wa Leica una kigurudumu cha duara, na ule wa FED una ncha ya kabari.

ZUHURA: Tena mara nyingi huiharibu FED nzuri ya watu.

ELIA: Lenzi gani itoshe?

ZUHURA: Ile inayokuja na kamera. Industar-26M ya f/2.8 inatosha, Industar-61 yenye kioo cha lanthanamu ni kali zaidi, na anayependa mwanga hafifu achukue Jupiter-8 ya f/2, ambayo ni ulaini mtupu tundu lake likifunguliwa lote. Kwa mitaani weka f/11, umbali wa mita 5, na kila kitu kuanzia takriban mita 3 mpaka kupita mita 10 kitakuwa sawasawa bila kupima.

ELIA: Sawa. Lakini Kiev yangu siiachi.

ZUHURA: Usiiache, kaka, iwapo una fundi aliyewahi kuibadilisha Kiev tepe.

ELIA: Ninaye fundi wa kamera, ila sijamuuliza kuhusu tepe.

ZUHURA: Muulize kabla hujanunua nyingine. Wapo wanaokubali kufungua kila kamera isipokuwa hiyo.