Mbona Niliondoka Milano? Jibu Kwa Watu Wangu wa Malindi

Assalaam aleikum watu wangu wa Malindi, na wa Mambrui na Watamu pia. Leo nalijibu lile swali, maana kila nikiweka video linarudi: "Mbona uliondoka Milano ukaenda kujificha kijijini? Kwani ulishindwa?" Sikushindwa. Na najua wapo watakaosema najishaua na nyumba, wapo watakaosema huyu yuko Ulaya na bado analia. Nisikilizeni kwanza, halafu mseme.

Naishi Piacenza, huku huku Italia. Si kijiji, ni mji wa watu kama 100,000; Malindi yetu inaupita kidogo. Baridi mnaijua, ukungu mmeuona, siyarudii hayo. Tuongee pesa na makaratasi.

Milano nilikuwa nimepanga kitanda. Chumba chenyewe tulilala wanne. Lakini kodi ya nyumba siyo iliyonihamisha. Mwenye nyumba alikataa kutuandikia mkataba, na bila karatasi ya nyumba manispaa haikuandikishi ukaazi. Bila ukaazi hupati kitambulisho chao, na hesabu ya uraia haianzi. Sisi Wakenya tunatakiwa miaka 10 ya ukaazi ulioandikishwa, mfululizo. Juni 2025 Waitaliano walipiga kura ya maoni ipunguzwe iwe 5. Waliojitokeza hawakufika nusu, ikaanguka. Kwa hiyo kila mwezi niliolala pale ulikuwa mwezi wa bure. Nalipa, nafanya kazi, nakatwa kodi ya serikali, na kwenye daftari simo. Hilo ndilo lililonitoa.

Huku nina mkataba wa nyumba wenye jina langu. Nao haukuja kwa urahisi. Nikipiga simu nyumba ipo, nikifika imeshachukuliwa. Dalali mmoja aliniambia kabisa kwamba mwenye nyumba hataki Waafrika, kwa upole, kama mtu anayekuarifu duka limefungwa. Na nilikuwa na kazi ya kudumu, hati za mshahara mkononi! Bado linaniuma. Kwetu Mwitaliano akishuka akataka nyumba ya Silversand, pale ufuoni Malindi, nani amewahi kumdai hati tatu za mshahara?

Nilipopata nyumba nikaomba ukaazi. Hapo askari wa manispaa huja kuhakikisha kweli unaishi pale, wana siku 45, na saa ya kuja hawakuambii. Mimi nafanya kazi ghalani kwa zamu. Niliandika jina langu kwenye kengele na kwenye sanduku la barua siku ileile niliyoingia, nikawaomba majirani wakiulizwa waseme nipo. Mnaokuja, jina kwenye kengele lisiwapite.

Sasa ubaya wa mji mdogo, maana upo. Maghala yako nje ya mji, zamu inaanza saa kumi na mbili asubuhi, na basi la saa hizo halipo. Lazima gari. Na leseni ya Kenya, mwaka mmoja tangu uandikishwe ukaazi inakuwa haifai kitu, na mimi nilipofika hapo Kenya haikuwamo katika nchi ambazo Italia inabadilishana nazo leseni. Yaani karatasi ileile uliyoililia ndiyo inayoanza kuihesabia leseni yako siku. Unarudi darasani: maswali 30, dakika 20, ukikosa 4 umeanguka, na ni kwa Kiitaliano. Kile tunachojifunza kwa watalii ufuoni kinakufikisha sokoni. Kwenye alama za barabarani hakikufikishi. Pesa ya shule ya udereva ilimeza ile nafuu ya kodi ya nyumba niliyoipata kwa kuhama, kwa miezi mingi. Wanaosema mji mdogo ni rahisi hawaihesabu hiyo.

Na kibali cha kukaa kinachelewa kote, mji mkubwa au mdogo. Kukihuisha kunataka euro 30 za posta, 16 za stempu, 30.46 za kadi, na juu yake mchango wa serikali, kisha unangoja na risiti ya maombi. Kwa risiti unaweza kwenda kwenu na kurudi, ila huruhusiwi kupitia Ufaransa wala Ujerumani. Tiketi niliyoimudu ilipitia Ufaransa. Ndiyo maana arusi ya dada yangu sikuonekana. Waliosema nimewasahau, hii ndiyo sababu, na nimeisema mara moja tu.

Waswahili wenzangu huku sijakutana nao. Milano tulikuwa tukifturu pamoja. Hapa Ramadhani nafturu na simu mbele yangu, mama yuko upande wa pili.

Kwa hiyo nikushauri nini? Mimi sina watoto, nina kazi ya kudumu, na nilitaka ukaazi. Kama Milano unayo nyumba yenye mkataba, usihame kwa ajili ya kodi, labda mambo yako yawe tofauti. Kama huna mkataba, mimi ningehama. Anayetaka kuniuliza, aniandikie kwanza ana kibali cha aina gani na kinaisha lini, maana bila hilo siwezi kumjibu.