Kusimba Majeraha ya Kiganja na Vidole: Anza na Maneno ya Kwenye Faili

Tazama mstari huu kwenye skrini: "Jeraha, mkono kushoto." Hapo hakuna msimbo wa kutoa. Kwa Kiswahili mkono unaanzia begani mpaka ncha za vidole, lakini ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa na majeraha, imeugawa vipande: bega na mkono wa juu ni S40 hadi S49, kiwiko na kigasha S50 hadi S59, kifundo, kiganja na vidole S60 hadi S69. Neno moja, makundi matatu. Msimbaji asikisie; amrudishie aliyemhudumia mgonjwa. Naye asifute wala kupaka rangi nyeupe: apige mstari mmoja juu ya kosa, aandike sahihi, kisha tarehe na saini.

Sasa vidole. Usiandike "kidole cha pili", kwa sababu mmoja huhesabu kuanzia gumba, mwingine gumba hakihesabu. Taja jina: gumba, shahada, cha kati, cha pete, cha mwisho. Ongeza "cha mkono", maana mguu nao una vidole. Taja kulia au kushoto kwa maneno, kwani ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani haina tarakimu ya upande. Toleo la Marekani ndilo linalo. Kisha eleza kama kidonda kiko upande wa kiganja au wa nyuma, urefu wake kwa milimita, na hali ya kucha. Kucha ikiwa salama, kidonda cha wazi cha kidole ni S61.0; ikiumia, S61.1.

Hatua inayofuata ndiyo inayoharibiwa zaidi: kupima kabla ya ganzi. Ukishachoma ganzi, huwezi tena kujua kama neva (mshipa wa fahamu) imekatika. Gusa pande zote mbili za kidole, uandike kama anahisi, kila upande peke yake.

Kano, yaani kamba zinazounganisha msuli na mfupa, nazo zipimwe moja moja. Shika kiungo cha kati kikiwa kimenyooka, mwambie mgonjwa akunje ncha. Hiyo ni kano ya ndani. Kisha nyoosha vidole vingine vyote, akunje kile kilichoumia kwenye kiungo cha kati; hiyo ni kano ya juu. Kano ya juu ikikatika peke yake, ile ya ndani bado inaweza kukunja kidole chote. Ndiyo maana "anakunja vidole" si kipimo.

Tuchukue mfano: kidole cha shahada kimekatwa na kioo nyumbani, kano ya kukunja na neva zimekatika, kucha ni salama. Kano ni S66.1, neva S64.4, ngozi S61.0. Daktari akisema kano ndiyo jeraha zito kuliko yote, tangulia nayo. Kuandika S61.0 pekee kunaonyesha mgonjwa aliyeshonwa ngozi tu, na upasuaji wa kano utakosa sababu kwenye rekodi.

Kuungua hakumo kwenye S60 hadi S69, tafuta T23.

Malizia na chanzo. Kioo ni W25, kisu W26, kubanwa na mlango W23. Tarakimu ya nne huonyesha mahali, na nyumbani ni 0, yaani W25.0. Lakini kama mtu alishambuliwa kwa kitu chenye ncha kali, ni X99. Faili lisiposema ilikuwa ajali au shambulio, liulizie kabla hujalifunga.