Mtindo uko mkono wa kulia: mazungumzo na wapiga gita

Jamani karibuni, mliosimama nyuma huku mbele kuna viti vitupu, njooni tu, siumi. Nimeombwa niongee kuhusu kujifunza gita na kupanda kiwango ukiwa unapiga mitindo tofauti tofauti, rumba, benga, blues, jazi, taarab, zote hizo, na najua wengi hapa mmekuja na madaftari mkitegemea nitawaandikia skeli, zile ngazi za noti, ubaoni. Skeli zipo, sizidharau, ila leo siendi huko, maana skeli mnazo kwenye simu zenu tayari na bado mnapiga rumba inasikika kama kwaya na blues inasikika kama rumba.

Ninachosema mimi ni hiki: mtindo uko mkono wa kulia. (We unayepiga mashoto geuza tu, hesabu ni ileile.) Mkono wa kushoto unashika kodi za gita, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, na kodi C, F na G ziko Katanga kule Kongo, ziko Kisumu, ziko Morogoro, ziko Mississippi, ziko kanisani kwenu. Kinachobadilika ni nani anapiga lini, kwa kidole gani, anaacha wapi, anazima uzi saa ngapi. Sasa mtu akitaka kujifunza mtindo mpya anafanya nini? Anatafuta kodi mpya. Anaongeza kodi za ajabu ajabu mkono wa kushoto unahangaika kama buibui, kulia kule bado anapiga shuka panda shuka panda ileile aliyojifunza siku ya kwanza. Hapo hujahama mtindo, umebadilisha nguo tu.

Tuanze na gita kavu, lile lisilo la umeme, maana hapo ndo nyumbani. Mwenda Jean Bosco, mtu wa Katanga, mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi kule Jadotville, siku hizi panaitwa Likasi, na nyimbo zake nyingi ni Kiswahili cha kulekule. Ukisikiliza unaweza kuapa ni watu wawili. Ni mtu mmoja, na vidole viwili vya mkono wa kulia, gumba na cha shahada, basi. Gumba linatembea kwenye nyuzi nene halisimami, kidole kinaimba kwenye nyuzi nyembamba, na kila kimoja kina safari yake. Watu wa vidole vinne mpo hapa mnaangaliana, eeh.

Jinsi ya kujifunza hiyo? Gumba peke yake kwanza. Shika C, gumba lipige uzi wa tano (unahesabu kuanzia ule mwembamba kabisa), uzi wa nne, wa tano, wa nne, polepole kabisa, na ukiwa unaendelea anza kuongea. Salimia mtu, mwulize habari za nyumbani, mtajie bei ya nyanya. Kama gumba likisimama kila ukifungua mdomo basi bado halijawa lako, rudi, na usiongeze kidole cha pili mpaka uweze kupiga stori huku gumba likienda lenyewe. Inachosha, sitawadanganya, ila nimefundisha vijana wengi na wale waliovumilia hapo mbele kila kitu kimekuwa rahisi kwao, hata fingastaili ya Wamarekani, maana na yenyewe gumba linafanya kazi ileile.

Magharibi ya Kenya kulikuwa na George Mukabi, alifariki 1963, mtindo wao unaitwa omutibo, na pembeni kuna mtu anagonga chupa ya soda kushika mapigo. Chupa tu! Nawaambia hivyo kwa sababu kuna kijana kila wiki ananiuliza anunue pedali gani ya kubadilisha sauti ya gita. Tafuta mtu wa chupa kwanza, au weka metronomu, ile ya kugonga mapigo, kwenye simu, ni bure. Na kapo, kile kibanio cha nyuzi, kama huna, wazee walifunga penseli kwa mpira juu ya freti, vile vyuma vya shingoni mwa gita, mambo yakaenda.

Haya, rumba. Hapa nitakaa kidogo, mtanivumilia. Santuri za Cuba zilianza kuingia Kongo miaka ya 1930, watu wakasikiliza ile son, muziki wa dansi wa kule, wakasikia kitu wanachokijua, na ilipofika miaka ya 50 Léopoldville, Kinshasa ya leo, gita ndo likachukua kazi zilizokuwa za piano na tarumbeta. Halafu magita yakagawana. Kuna ridhim linaloshika mwendo, kuna solo linaloimba juu, kuna besi chini, na baadaye katikati ya ridhim na solo akaingia mwingine, mi-solo. Kila mmoja ana kipande chake kidogo, kinajirudia, ukikisikia peke yake unaona mbona hiki ni cha mtoto, ukivipanga pamoja ukumbi unanyanyuka.

Kwa hiyo kosa la mtu anayejifunza rumba peke yake chumbani ni kujaribu kupiga magita yote hayo kwa gita moja. Anajaza. Kila nafasi anaijaza. Rumba haitaki hivyo, inataka uache tundu mwenzako apite. Ndo maana nasema anza na ridhim, na najua hampendi, kila mtu anataka solo kwa sababu mpiga solo ndo anapigwa picha. Sasa nendeni mkasikilize Les Wanyika, ile bendi ya Nairobi ya Watanzania na Wakenya, msikilizeni Omar Shabani kwenye ridhim. Toa solo kichwani, fuata yeye tu mwanzo mpaka mwisho. Jamaa hapigi kitu kigumu. Anazima nyuzi kwa mkono wa kushoto, analegeza kidogo tu, sauti inatoka fupi, inakatika, inatoka tena palepale, na haendi mbio wala hachelewi, dakika baada ya dakika. Jaribu hiyo dakika tano bila kukimbia uone kama ni kazi ya mtoto.

Solo sasa. Siri kubwa ya solo ya Kikongo ni kwamba mara nyingi hawapigi noti moja moja, wanapiga mbili zikitembea pamoja. Chukueni hii muandike, hii ndo pekee ya kuandika leo. Ki ya C, uzi wa kwanza na uzi wa tatu, unazidonoa kwa pamoja. Anza freti 12 zote mbili. Shuka freti 10 zote mbili. Halafu uzi wa tatu freti 9, wa kwanza freti 8. Halafu 7 zote mbili. Halafu 5 zote mbili. Umesikia? Tayari ushafika Kinshasa. Chini yake mwenzio anazungusha C, F, G, F, anarudi, C, F, G, F, hiyo ndo sebene yenyewe, ile sehemu ya kucheza, kwetu bendi nyingi zinaita chemko. Kodi ni tatu. Zaiko Langa Langa walipoanza mwishoni mwa 1969 waliacha kabisa ma-trampeti na sehemu hiyo wakairefusha, mzigo wote magita na dramu.

Na ndani ya rumba yenyewe mikono inatofautiana. Docteur Nico na Franco, wapiga solo wa Kinshasa, mji mmoja, kizazi kimoja, kodi zilezile, na mashabiki walibishana miaka. Nico anapiga laini, sentensi ndefu, kila noti imeoshwa. Franco anagonga, anarudia kitu kilekile mpaka kikuingie, nyuzi mbili mbili, kavu, kama anakusuta. Mimi binafsi ukinilazimisha nachagua Franco, ila ukiwa mwanafunzi anza na Nico, usafi wake utakufichulia uchafu wako.

Benga ni kesi nyingine kabisa ingawa watu wa Dar tunaichanganya na rumba. Mizizi yake ni kwa Wajaluo, kwenye nyatiti, ile zana ya nyuzi nane, na mpiga nyatiti ana pete ya chuma kwenye kidole cha mguu anagonga nayo ukingo wa chombo huku anapiga na kuimba. Yaani mguu ni dramu. Kwenye benga gita linaongea na mwimbaji, yeye anasema, gita linajibu, na mara nyingi linajibu kwa maneno yake mwenyewe, ule ule mstari aliouimba. D.O. Misiani, mzaliwa wa Shirati upande wetu huku Mara, nyimbo zake ukizisikiliza utaona gita halimkatizi mzee akiwa anaongea. Kwa hiyo mpiga rumba akija kwenye benga na tabia yake ya kuzungusha bila kusimama anaharibu. Njia ya kuijifunza ni moja: imba. Hata kama sauti yako mbaya, imba mstari, kisha uutafute kwenye uzi, ukiukosea utajua kwa sababu mdomo ulishautoa. Na gonga mguu kwa nguvu, sio kwa aibu.

Blues nitapita haraka kidogo. Baa 12: nne za A, mbili za D, mbili za A, moja E, moja D, mbili A, mwisho, rudi. Ukishajua hivyo unaweza kukaa na mtu wa Chicago hamjuani hata lugha mkapiga usiku kucha. Lakini pigo! Kila pigo unaligawa vipande vitatu, unapiga cha kwanza na cha tatu, cha kati unakiacha kinapita. Ukipiga vipande viwili sawasawa umeshaiua. Halafu kule mkono wa kushoto kweli una kazi, ni kuvuta uzi noti ipande kidogo, isifike, na huko kutofika ndo kunakouma. Watu wetu wengi wanavuta mpaka inafika kabisa, inakuwa safi, haiumi tena.

Wa jazi msinichukie. Nitawapa jina moja tu, Wes Montgomery, alipiga kwa gumba bila piki, kile kibao cha kudonolea, na ule mlio wa mviringo unaousikia ni lile gumba, sio gita la gharama. Flamenko, ile ya Wahispania, mara nyingi ina mzunguko wa mapigo 12 na mkazo unaangukia 3, 6, 8, 10 na 12, kabla ya kuujua huo kwa makofi usishike gita. Na taarab, mtu wa gita amsikilize mpiga udi, ile zana ya nyuzi ya Kiarabu, anavyotumia risha, piki yake, mtetemo wake, wapi anabana wapi anaachia. Hijaz, ile skeli ya Kiarabu, utaipata kwa E, F, G sharp, A, noti ziko palepale kwenye freti zako, lakini ukizipiga kwa mkono wa rumba hata bibi yangu Unguja atacheka.

Sasa mazoezi. Mtindo mmoja, miezi mitatu, ndo uguse wa pili. Wimbo mmoja mzima ujue kila kipande, ridhim, solo, besi hata kama huna besi ipige kwenye nyuzi nene, ni bora kuliko vipande vya nyimbo ishirini, maana huku mtaani tumejaa watu wa intro, anakupigia intro kumi kali, ukimwambia haya endelea anakwambia hapo sijafika. Punguza spidi, YouTube wana 0.75 na 0.5. Jirekodi kwa simu, sikiliza kesho yake, sio muda huohuo, muda huohuo bado unajipenda. Na ukishakuwa na mitindo miwili chukua wimbo mmoja wa kodi tatu uupige kwa mkono wa rumba, kisha huohuo kwa mkono wa benga, kisha blues, kushoto usibadilishe kitu. Kama msikilizaji jikoni hajagundua kwamba umebadilisha, basi hujabadilisha.

Nimeona mkono pale. Dada sema.

Anauliza vidole vyake ni vifupi, F inamshinda. Dada yangu, Django Reinhardt, mpiga gita wa jazi, aliungua mkono wa kushoto kwenye moto mwaka 1928, vidole viwili vikawa karibu havina kazi, solo zake zile kapiga kwa viwili vilivyobaki. F usiibane yote sita, shika nyuzi nne nyembamba tu, kwenye bendi zile mbili nene za besi ni za mtu mwingine hata hivyo. Na mpelekee fundi akushushie nyuzi, nyuzi za gita nyingi za dukani ziko juu mno, unajilaumu bure kumbe ni gita.

Kaka yangu wa kofia? Aha. Anasema, mwalimu mi nimekwama, miaka sasa napiga vilevile. Swali zuri na wengi wanalo hawasemi. Unapiga na nani? Peke yako, eeh, nilijua. Tafuta watu wanaokuzidi, waombe ridhim, usiombe solo, kaa hapo mwaka. Watakukaripia ukikimbia, na metronomu haikaripii.

Haya muda wa maneno umeisha, wenye magita yaleteni mbele tutyuni pamoja. We chukua besi, nyie watatu ridhim, C, F, G, F, polepole, na solo hakuna mpaka niseme.